Malalamiko kuhusu Video Inayokatika Tonton Jérémie Akiwa Mdomo Wazi

Studio Katembo, Picha na Video
Komuni ya Makiso, Kisangani

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Huduma ya Msaada
Kampuni ya Ciseau d'Or

Yahusu: programu yenu kuzuia ndoa

Bwana Mkurugenzi mheshimiwa,

Naanza kwa kukuulizia afya yako na ya nyumba yako, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba hata unayemshtaki unamsalimia kwanza. Sisi huku hatujambo, isipokuwa hayo nitakayoeleza.

Naitwa Osée Katembo. Ni mpiga picha, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa pia fundi wa montaji ya video. Kazi hiyo naifanya kwa programu yenu, Ciseau d'Or, ambayo nimeipenda na kuitetea mbele ya mafundi wenzangu wanaonicheka. Inakata vizuri, inaunganisha vizuri, inatia muziki, inatia mioyo mekundu inayopepea juu ya kichwa cha bibi harusi. Sina neno juu ya mioyo. Shida yangu iko kwenye hatua ya mwisho, pale video inapotakiwa kutoka ndani ya kompyuta na kwenda kwa watu. Pale programu yenu inakataa kumaliza kazi.

Natambua kwamba unapokea barua nyingi za namna hii. Wengine wanakuandikia kwamba video yao haikutoka. Mimi nakuandikia kwamba mtu mzima anashindwa kuoa. Kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho.

Mambo yalikwenda hivi. Mdogo wangu Baraka alimwoa Aurélie, binti wa Papa Ezéchiel wa Bengamisa. Harusi ilifanyika hapa mjini na mimi ndiye niliyeipiga video, tangu misa hadi dansi. Wakati wa karamu akasimama Tonton Jérémie, kaka wa mama yetu, muuza saruji wa jumla. Tangu afiwe na mkewe, tantine Hélène, Tonton amekuwa mtu wa maneno matatu: "ndiyo", "hapana" na "mifuko mingapi". Siku hiyo alishika mikrofoni akasema maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kurekodi. Alipofika katikati, mvua ikayashukia mabati ya ukumbi, umeme ukaenda zake, spika zikanyamaza. Tonton hakukaa. Aliendelea mpaka neno la mwisho, mkono juu, na ukumbi mzima ukamwangalia midomo ikicheza bila kusikia kitu. Mimi peke yangu nilisikia, maana nilikuwa nimembandika mikrofoni ndogo kwenye koti.

Na mwishoni mwa hotuba ile, Bwana Mkurugenzi, Tonton alimgeukia Mama Euphrasie, dada ya Papa Ezéchiel, mjane, mfugaji wa mbuzi kule Bengamisa, akasema hivi: "Euphrasie, hawa batoto wametuonyesha njia. Kama hautakataa, miye pia niko tayari. Nyumba yangu iko kubwa sana kwa mutu moja."

Ninakuambia wewe kwa sababu uko mbali. Hapa Kisangani sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu Olga, na Olga hakumwambia mtu yeyote isipokuwa dada zake.

Nilimfuata Tonton depo kwake, nikamshauri amwambie Mama Euphrasie tena, kwa mdomo. Akaniangalia kama niliyeomba saruji kwa mkopo.

"Osée," akasema, "kitu kama ile mutu anaisema mara moja. Nilishaisema mbele ya batu wote. Sasa video itasema."

"Basi nikate kile kipande peke yake, umtumie kwa simu."

"Nimutumie kwa simu? Miye niko kijana wa lycée?"

Alichotaka kilikuwa wazi. Familia zote mbili zikae salon kwake, zitazame harusi kwa utulivu, na maneno yafike mahali pake yenyewe, kana kwamba hakuna aliyeyapanga. Mimi nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nilimwambia hivyo kwa kuiamini kampuni yenu.

Sasa nayapanga malalamiko yangu kwa namba, ili usipotee.

1. Familia zilikaa. Kulikuwa na wali, pondu na samaki wa kuvukizwa. Nilikuwa nimeitoa video moja kwa moja kwenye clé, yaani kile kijiti cha kubebea mafaili, kwa sababu kompyuta yangu imejaa harusi za watu wengine, na clé hiyo niliitayarisha kwa mfumo wa zamani kwa sababu televisheni ya Tonton ni ya zamani. Nikachomeka clé. Misa ikapita, mbuzi wa zawadi wakapita, keki ikakatwa, Tonton akasimama, akainua mkono, akageuka, akasema, "Euphrasie..." na picha ikaganda. Mdomo wazi, mkono juu.

Mama Euphrasie, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, akaijibu televisheni: "Ndiyo?"

Televisheni haikusema kitu. Tukangoja wote. Tonton akainuka kwenda kutafuta maji, na bilauri ya maji alikuwa nayo mkononi.

2. Nilijaribu tena, na tena. Kila mara video inakatika palepale, saa moja na dakika kumi na moja tangu ianze, kwenye jina la Mama Euphrasie. Nikaandikia huduma yenu ya msaada. Jibu lilikuja upesi na kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho nakushukuru, ila aliyekitafsiri naomba umwite ofisini mzungumze taratibu.

Aliniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha tena. Bwana Mkurugenzi, huku kwetu kuzima na kuwasha si kazi ya mteja. Umeme wenyewe unatufanyia, na bila kuombwa. Kisha akaniambia, "Sasisha dereva wako." Dereva niliye naye ni Daudi, mwendesha toleka, ambaye ananipeleka kazini kwa baiskeli yake kila asubuhi. Nilimwonyesha barua yenu. Akabadilisha kiti cha nyuma, akatia mpira mpya, na sasa ninakaa vizuri sana, lakini video bado inakatika. Kisha akauliza ni fremu ngapi zimeanguka. Nilizunguka studio nzima nikizihesabu ukutani. Hakuna hata moja iliyoanguka.

Mwisho akaandika, "Futa akiba yako yote." Hiyo barua aliisoma Olga kabla yangu.

"Akiba gani wafute?" akaniuliza. "Ile ya minerval, ya kulipia batoto masomo? Na programu imejua aje kama tuko na akiba?"

Ilinibidi nitoe maelezo mengi kabla ya kulala. Baadaye mwenzangu mmoja alinieleza kwamba mlimaanisha takataka za kompyuta. Nikazifuta. Video ikakatika palepale.

3. Kwa kuwa programu yenu inakataa kupita mahali fulani, niliamua kuhamisha hotuba na kuiweka mbele kabisa, kabla ya misa. Familia zikaitwa tena Jumapili. Picha ya kwanza kuonekana ikawa Tonton Jérémie na mikrofoni. Hakufika hata kwenye salamu, Papa Ezéchiel akasimama.

"Ngojeni. Hotuba ya upande wa bwana iko mbele ya misa? Donc hata Mungu munamuweka nyuma?"

Nikamweleza kuwa ni sababu za kiufundi. Akasema kwao Bengamisa sababu za kiufundi hazitangulii padri. Televisheni ikazimwa, tukala, wakaenda.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nikawaza, kama siwezi kuisogeza hotuba, basi nipunguze yaliyo kabla yake, ili ifike mapema. Misa sikuthubutu kuigusa tena. Keki ilikuwa ya dakika chache tu. Nikaona mbuzi. Zawadi ya upande wa bibi harusi ilikuwa mbuzi waliofikishwa Kisangani kwa pikipiki, wamefungwa riboni shingoni, na kuwaingiza ukumbini kulichukua muda mrefu kwa kuwa mmoja alikataa ngazi. Niliwaondoa wote. Nilipiga hesabu, hotuba ikaingia nzima. Nilikwenda kwa Tonton ninaimba.

Kile nilichosahau ni mwenye mbuzi. Mama Euphrasie alitazama misa, akatazama keki inakuja, akageuka kuniangalia.

"Osée, mbuzi zangu ziko wapi?"

"Mama, ni programu..."

"Nililisha ile mbuzi kwa mukono yangu. Zilikuja njia yote ya Bengamisa kwa pikipiki, zinalia. Halafu mashine yenu inazitupa?"

Akachukua mkoba wake akatoka, na upande wote wa bibi harusi ukamfuata. Hotuba ilianza salon ikiwa nusu tupu. Ilifika mpaka mwisho, kila neno likasikika, na aliyeambiwa alikuwa barabarani anatafuta toleka. Tonton alijitazama kwenye televisheni akimwomba mwanamke ambaye kiti chake kilikuwa kitupu. Nikaizima haraka. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

5. Lalamiko la tano nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu. Lilihusu mama yako mzazi, na halikuwa la heshima.

6. Hasara. Tonton amekonda. Amenunua mashati mapya kwa ajili ya Jumapili hizo, na yote sasa yanampwaya. Depo, mteja alimwuliza bei ya saruji akamjibu, "Ngoja wiki ijayo, video itasema." Mbuzi niliwarudisha kwenye video na Mama Euphrasie akakubali kurudi salon, lakini sasa video inakatika tena kwenye jina lake, na kila inapokatika Tonton anasogea kwenye kiti cha karibu naye ili kumweleza yaliyobaki.

"Pale, Euphrasie, nilikuwa ninataka kusema kwamba..."

"Kwamba nini, Jérémie?"

"Kwamba... chakula iko tayari."

Nimeyasikia mazungumzo hayo Jumapili baada ya Jumapili, neno kwa neno. Hotuba yake yote Tonton ameimaliza kwa wali.

Na kuna hasara kubwa zaidi. Papa Ezéchiel ameanza kuuliza kwa nini video inakatika sikuzote kwenye jina la dada yake. Anasema huenda Tonton alimtukana siku ile chini ya kelele za mvua, na sisi tunamficha. Amesema mbele yangu kwamba mashine haiwezi kuwa na aibu, kwa hiyo aibu ni ya watu. Maneno hayo yameingia nyumbani kwa Baraka. Juzi Aurélie alimwuliza mumewe, "Tonton yenu alisema nini juu ya tantine yangu?" Baraka, ambaye hajui chochote, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa jibu. Hawajazungumza kwa siku mbili. Ndoa ambayo niliitilia mioyo mekundu kwa mikono yangu mwenyewe inatikisika kwa ajili ya ile nyingine isiyoanza.

7. Kutokana na hayo yote nimefikia hitimisho lifuatalo, na nimelipima kwa makini. Kwetu, mtu anayebeba neno la mwanaume kulipeleka kwa mwanamke ana jina: ni mshenga. Neno la Tonton lilichukuliwa na programu yenu. Programu yenu inalo mpaka leo na haijalifikisha. Kwa hiyo kampuni yenu, mtake msitake, ni mshenga wa Tonton Jérémie, na ni mshenga aliyelala njiani.

Naomba basi mtimize wajibu wenu kwa namna hii. Kwanza, mtume cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba Ciseau d'Or haina kinyongo chochote na Mama Euphrasie, wala na familia yake, wala na mbuzi. Cheti hicho atapewa Papa Ezéchiel mkononi. Pili, mtume ujumbe wa watu wazima, waliooa, angalau mmoja wao awe na sauti nzuri. Mimi mwenyewe nitawapokea kwenye uwanja wa ndege wa Bangoka, na Daudi na wenzake watawabeba, kwani viti vya nyuma ni vipya. Tatu, ujumbe usije mikono mitupu. Suala la mbuzi mmeliona lilivyo, na hakuna asiyelielewa.

Nne, na hili ndilo kubwa, naomba uje wewe mwenyewe, Bwana Mkurugenzi. Jumapili hiyo tutaweka video kama ilivyo. Wewe utasimama kando ya televisheni, umevaa koti. Picha itakapoganda kwenye jina la Mama Euphrasie, utainua mkono kama Tonton alivyouinua, na utaendelea kusema yaliyobaki. Maneno nimeyaambatanisha. Tafadhali yajifunze kwa moyo, na usiyasome kwenye karatasi, kwa sababu Mama Euphrasie anaangalia mtu machoni.

Ukishindwa kuja, nitalazimika kuhamia programu nyingine, na sababu nitaieleza hadharani kwa mafundi wote wa Makiso.

Nakuachia neno hili nikiwa bado mteja wako mwaminifu. Nisalimie mafundi wako wote na wake zao, na watoto wao wanaosoma, na yule bwana wa tafsiri ambaye sina chuki naye, na ile mashine yenu inayojibu barua bila kuchoka, kama nayo inasalimiwa. Olga anawasalimu, ila anasema akiba ibaki ilipo. Daudi pia anashukuru kwa ushauri.

Katika kazi na heshima,

Osée Katembo
Studio Katembo

N.B. Barua hii ilikuwa bado kwenye kompyuta ikingoja mtandao, wakati Aurélie alipofika studio, amekasirika, anataka kuona kwa macho yake jinsi video inavyokatika. Nikaitoa mbele yake ili nipate shahidi. Ilipofika palepale kikatokea kidirisha kidogo cha maandishi kwenye skrini, nami nikabonyeza OK.

"Shemeji," akasema, "kile kilikuwa kinasema nini?"

"Kile hutokea kila mara. Unabonyeza OK, kinaondoka."

Akaniomba nirudie, na safari hii akaushika mkono wangu usibonyeze. Kidirisha kilikuwa kinasema, kwa Kifaransa kizuri na kwa adabu, kwamba clé yangu imetayarishwa kwa mfumo wa kizamani na haipokei faili moja linalozidi giga nne. Kilikuwa kinasema hivyo tangu siku ya kwanza. Tukaigawa video vipande viwili, ikaingia yote. Programu yenu haina kosa. Nikamweleza Aurélie hotuba ilivyosema, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akampigia mumewe simu, na kwa sauti niliyoisikia, kule kwao mambo yametulia.

Jumapili tukakaa wote. Umeme ulikuwapo na mvua haikuwapo. Misa, mbuzi, keki. Kipande cha kwanza kikaisha, nikaweka cha pili. Tonton kwenye televisheni akasimama, Tonton kwenye kiti akavua miwani. Hapo Mama Euphrasie akachukua telekomandi, akazima.

"Jérémie," akasema, "siku ile nilikuwa nimekaa mbele. Mvua ilikuwa juu ya bati, haikukuwa ndani ya masikio yangu. Nilisikia yote. Tangu ile siku ninakuja hapa kula wali yako, ninangoja useme bila mashine."

"Aseme nini?" akauliza Papa Ezéchiel.

Tonton akasimama. Hakuwa na mikrofoni wala bilauri. Alisema vibaya kuliko kwenye video: alianza mara mbili, akataja saruji mahali pasipohusika, na neno "nyumba" likampotea kabisa, ikabidi aonyeshe ukuta kwa kidole. Mama Euphrasie akamwacha amalize. Kisha akasema, "Bon. Ndiyo." Wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele, na Papa Ezéchiel, alipokwisha kuelezwa, akalia machozi, akadai ale kwanza ndipo aseme maoni yake.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, pamoja na lile la tano ambalo lilikuwa limekwisha kufutwa. Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa Olga anasema kitu kilichoandikwa kirefu namna hii lazima kipate mtu wa kukisoma. Ujumbe msiutume. Cheti msikitume. Maneno niliyoambatanisha tafadhali msimwonyeshe mtu.

Harusi itakuwa baada ya mvua kupungua. Tonton amekataza kamera, zote, hata za simu. Mimi nimealikwa kama ndugu tu, na sijui mikono yangu nitaiweka wapi.